Msusi Hana Rafu: Mhadhara juu ya Kuandika Hesabu za Biashara Ndogo ya Huduma



Nimeelezwa kwamba wengi mliomo ukumbini hapa Iringa mnaishi kwa kuuza kazi, hamuuzi bidhaa: wasusi na vinyozi, mafundi cherehani, mafundi simu, wapiga picha za harusi, wenye bajaji na bodaboda, wenye steshenari za kuchapa na kudurufu. Huko kwetu Mbeya orodha ni hiyo hiyo, kuanzia Kabwe hadi Uyole. Leo nitazungumza juu ya daftari lenu, na nitaanzia pale ambapo vitabu vya uhasibu hupita haraka. Vitabu husema biashara ya huduma ni nyepesi kuandika kuliko ya duka kwa kuwa haina stoo ya kuhesabu. Mimi naona ugumu wake wote umetokana na hilo.

Mtazameni mwenye duka la jumla pale Mwanjelwa. Jioni akisahau kuandika alichouza, bidhaa itamsemea. Asubuhi alikuwa na mifuko 40 ya sukari, sasa imebaki 31. Basi 9 imeondoka, na fedha yake ama iko kwenye droo, ama iko kwenye simu, ama iko kwa mteja aliyekopa, ama imeibwa. Msusi hana rafu ya namna hiyo. Vichwa saba alivyosuka leo vimetoka mlangoni na kwenda zao Soweto, Mafiat na Sokomatola. Asipoandika, kesho hakuna kitu kitakachomwambia kwamba vilikuwa saba na si vitano. Na kama amemwachia msaidizi saluni akaenda msibani Tukuyu, hataambiwa hata na msaidizi.

Kwa hiyo mwenye duka ana mashahidi wawili, rafu na daftari. Ninyi mna mmoja tu.

Shahidi huyo hahitaji makubwa. Daftari la kawaida la mistari linatosha, na kila kazi ipate mstari wake: tarehe, kazi yenyewe, kiasi, na fedha imepitia wapi, mkononi, kwenye simu, au bado. Kama ni bado, jina la mteja na siku aliyoahidi. Andikeni mteja akiwa bado anajitazama kwenye kioo. Wanaongoja jioni hukumbuka kazi kubwa na kupoteza ndogo, ile ya kuosha nywele ya sh. 3,000 na ya kumnyoa mtoto ya sh. 2,000, na kwa mwezi hizo ndogo ndizo hulipa umeme.

Ongezeni matumizi kwa namna hiyo hiyo, mtakuwa na daftari la mapato na matumizi, na wengi huishia hapo. Ningependa twende hatua moja mbele, kwa sababu daftari la kuingia na kutoka hujibu swali moja tu, yaani hela iko wapi. Halijibu kama kazi inalipa. Wafanyabiashara wa miji ya Italia waligundua njia ya kujibu maswali yote mawili kwa pamoja, na mtawa mmoja wa Kifransisko, Luca Pacioli, akaichapisha kitabuni mwaka 1494. Hakuibuni yeye, alieleza tu walivyokuwa wakifanya wenye maghala na meli. Wala kuandika madeni hakukuanzia Ulaya: aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Surat al-Baqara, ni agizo la kuandika deni mbele ya mashahidi. Na Wahindu wa Kigujarati, waliofungua baadhi ya maduka ya mwanzo katika miji yetu, wana desturi ya kufungua daftari jipya la biashara sikukuu ya Diwali.

Njia ya Pacioli inasema hivi: kila muamala hugusa mahali pawili, kwa hiyo uandikwe mara mbili, upande wa debiti mahali pamoja na upande wa krediti pengine. Tusiogope maneno hayo. Nitawapa mfano wa msusi mmoja wa kubuni, fremu yake iko Mwanjelwa, na nitafuata mwezi wake wa kwanza shilingi kwa shilingi.

Tarehe 1 anatoa akiba yake ya sh. 1,500,000 na kuiingiza kwenye biashara. Mahali pawili: taslimu imeongezeka, na mtaji umeongezeka. Msusi na saluni sasa ni watu wawili mbele ya daftari. Saluni ina deni la mtaji kwa mwenyewe. Wanafunzi wengi hukwama hapa. Mtu anajidai vipi mwenyewe? Vumilieni kidogo, tutaona faida yake mtoto atakapohitaji sare.

Tarehe 2 mwenye fremu anataka pango la miezi 6 kwa mpigo, sh. 600,000. Taslimu imepungua. Je, mwezi huu saluni imekula pango la 600,000? Hapana, imekula 100,000. Hizo 500,000 nyingine ni haki ya kukaa miezi mitano ijayo, na haki hiyo ni mali yake kama kiti chake kilivyo mali. Tarehe 3 ananunua draya, viti na kioo kwa 500,000. Taslimu imegeuka vyombo. Hakuna kilicholiwa bado. Vyombo huchakaa, kwa hiyo tutakata 10,000 kila mwezi kama uchakavu wake. Tarehe 4 anachukua rasta, mafuta na shampuu za 180,000 kwa mkopo kutoka duka la jumla. Fedha haijatoka hata senti moja, lakini muamala upo: vifaa vimeongezeka, na deni la duka limezaliwa. Anayeandika fedha tu angeuruka mstari huu, kisha siku ya kulipa akashangaa.

Sasa kazi. Mwezi mzima wateja wa taslimu wameleta 320,000, wa simu 140,000. Bibi harusi mmoja na wapambe wake wamefanyiwa kazi ya 150,000; wametoa 50,000, wakaahidi 100,000 baada ya harusi. Mapato ya mwezi basi ni 610,000, maana kazi ya bibi harusi imeshafanyika yote. Ile 100,000 tunaiweka chini ya wadaiwa, kwa jina lake.

Matumizi: umeme wa LUKU 20,000, msaidizi 90,000. Duka la jumla limelipwa 100,000, linabaki kudai 80,000. Na mwenyewe akachukua 60,000 kwenye droo kumnunulia mtoto sare na madaftari ya Januari.

Tufunge mwezi. Zimeingia 2,010,000 ukihesabu na ule mtaji. Zimetoka 1,370,000. Zimebaki 640,000: 500,000 kwenye droo, 140,000 kwenye simu. Jirani mwenye maneno akichungulia droo na simu atasema: huyu alianza na milioni moja na nusu, leo ana laki sita na arobaini, biashara imemla 860,000, bora angenunua kuku. Na msusi, kama hana daftari, atamwamini. Nimeona saluni nzuri zikifungwa mwezi wa pili kwa hesabu ya namna hii.

Daftari linasema jingine. Mapato 610,000. Kilicholiwa kweli: pango 100,000, umeme 20,000, msaidizi 90,000, vifaa 120,000 (maana za 60,000 bado zimo kabatini), uchakavu 10,000. Jumla 340,000. Faida ya mwezi wa kwanza ni sh. 270,000.

Mnaweza kuikagua. Mali za saluni leo: fedha 640,000, pango la mbele 500,000, vyombo 490,000, vifaa 60,000, deni la bibi harusi 100,000. Jumla 1,790,000. Upande wa pili, deni la duka 80,000. Mtaji 1,500,000, ongeza faida 270,000, toa 60,000 alizochukua mwenyewe, unapata 1,710,000. Jumlisha na 80,000: 1,790,000. Pande mbili zimelingana. Hiyo ndiyo mizania, na uzuri wake ni kwamba kosa likiingia, kwa kawaida pande hukataa kulingana. Nasema kwa kawaida, kwa sababu kichwa ulichosuka na hukukiandika kabisa kimekosekana pande zote mbili, na mizania italingana vizuri tu bila hicho kichwa. Ndiyo maana nilianza na ule mstari wa kila kazi kabla ya Pacioli.

Turudi kwenye zile 60,000 za mtoto. Ziandikwe, lakini zisiingie kwenye matumizi ya saluni. Ni mwenyewe amechukua sehemu ya chake, na mtaji wake umepungua kwa kiasi hicho. Ukiziweka pamoja na LUKU, utadhani saluni inapata 210,000 na kazi hailipi, kumbe kazi inalipa na nyumbani ndiko kunakovuta. Kwenye fungu hili la mwenyewe huingia pia nauli ya mdogo wako, mchango wa msiba na kadi za harusi. Huwa naulizwa: mchango wa harusi ya mteja mkubwa, je, si tangazo la biashara? Jibu langu la kihasibu ni kwamba ni matumizi ya mwenyewe. Jibu la mtu wa Mbeya anayeishi na watu sitalitoa hadharani.

Msusi wetu aliona hasara isiyokuwepo. Kuna ugonjwa wa pili unaomwonesha mtu utajiri ambao hana, nao hapa Iringa nauona zaidi kwa mafundi cherehani. Kwaya ya usharika inaleta kitambaa cha sare za watu 20, ushonaji sh. 25,000 kila moja, jumla 500,000, na mweka hazina anatanguliza 300,000. Fundi wa Miyomboni anarudi nyumbani na laki tatu mfukoni na hajakata hata kola. Fedha hiyo si mapato. Hadi atakaposhona, ni deni, anadaiwa kazi, na iandikwe kwenye ukurasa wa madeni kwa jina la kwaya. Kila sare ikikabidhiwa, 25,000 zinahama kutoka deni kwenda mapato. Akishakabidhi 12, deni la kazi limekwisha, na kuanzia sare ya 13 kwaya ndiyo inayodaiwa. Fundi asiyeandika hivi hutumia advansi ya kwaya kulipia pango, kisha huchukua advansi ya harusi kununua nyuzi za kwaya, na Jumapili ya uzinduzi anazima simu. Wateja humwita mwongo. Mara nyingi amechanganya kurasa mbili tu.

Nyanda za Juu Kusini zina tabia yao ya kukopa, nayo inafuata mvua. Mteja wa Ismani anayelima mahindi atakuambia nikivuna, na mavuno ni Juni kwenda mbele. Mkulima wa chai wa Mufindi au Rungwe hulipwa majani yake kwa mwezi. Mtumishi wa serikali ni tarehe za mwisho wa mwezi. Hawa watatu si wadaiwa wa aina moja, na fundi anayewaweka kwenye orodha moja atamfuata mkulima mwezi Februari na kupoteza nauli na urafiki. Pangeni ukurasa wa wadaiwa kwa mwezi ambao fedha inatarajiwa. Mtajua mapema kwamba Januari hadi Mei mtafanya kazi nyingi na kushika hela kidogo, na mtapanga na mwenye fremu kabla hajaja na kufuli.

Juu ya simu nitasema machache. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na leo mteja wa kinyozi anaweza kumaliza wiki bila noti mfukoni. Watu hudhani ujumbe wa simu ndio daftari. Ujumbe unaonyesha fedha imefika; hausemi ni ya kazi gani, wala kama ni ya mteja au ni shemeji amerudisha alichokopa. Chukueni lipa namba ya biashara, laini ya nyumbani ibaki ya nyumbani. Na makato yaandikwe kama gharama: tozo ya serikali iliyoanza Julai 2021 iliwafundisha wengi kusoma ujumbe hadi mstari wa mwisho, na fundisho hilo lisipotee. Ukitoa fedha kwa wakala kuiweka kwenye droo hujapata wala kutumia. Umehamisha, na kilicholiwa ni makato tu.

Wenye bodaboda na bajaji, ninyi mna hesabu ya kila siku inayoletwa na dereva, na wengi mnaihesabu kuwa faida. Tuseme dereva analeta 10,000 kwa siku 26, ni 260,000 kwa mwezi. Pikipiki ilinunuliwa kwa 3,000,000 na kwa kazi ya kutwa, hasa kwenye mlima wa Ipogolo, tuipe miaka mitatu. Uchakavu ni kama 83,000 kwa mwezi. Bima, leseni ya LATRA, tairi na matengenezo tuweke 50,000. Zimebaki kama 127,000, chini ya nusu. Anayekula zote 260,000 anakula pikipiki yenyewe polepole. Na kama dereva yuko kwenye mkataba wa kukimiliki chombo kikiisha kulipwa, basi ndani ya kila hesabu kuna bei ya pikipiki. Mwandikieni dereva salio lake na msaini wote wawili, kwa sababu ugomvi wa mikataba hii hauishi.

Sasa kodi, kwa sababu najua kuna waliokuja kwa ajili hiyo. Tangu 2019 mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi sh. milioni 100 kwa mwaka anaweza kukadiriwa kwa mauzo yake, bila hesabu zilizotengenezwa na mhasibu. Utaratibu huu hauwahusu wanaotoa huduma za kitaalamu, mawakili na wahandisi na watu wa fani yangu, lakini msusi na fundi cherehani unawahusu. Ndani yake kuna nafuu ya wazi kwa anayeandika. Kwa viwango vya mwaka huo, mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7 asiye na kumbukumbu alilipa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Msusi wa mauzo ya 5,200,000 mwenye daftari alilipa 36,000. Ngazi inayofuata, hadi milioni 11, asiye na kumbukumbu alilipa 250,000. Mwenye nazo alilipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani kwa mauzo ya milioni 9 ni 150,000. Bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango, kwa hiyo vya mwaka huu mvichukue ofisi ya TRA. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na risiti za zile karatasi nyepesi hufutika kabla ya hapo, zitoeni kopi.

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Kikundi kinachoomba huulizwa biashara inaingiza kiasi gani. Anayejibu kwa daftari na anayejibu kwa kukadiria hawasikilizwi kwa uso ule ule, na sitawalaumu maofisa kwa hilo.

Kuna jambo tunalojua sana watu wa Mbeya. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na masoko ya jirani yake yameungua tena baadaye. Bidhaa huonekana zikiungua na watu huzililia. Daftari la wadaiwa huungua kimya, na deni lisiloandikwa popote pengine hutegemea huruma ya mdaiwa. Kila Jumamosi pigeni picha ya kurasa za wiki na kuituma kwa mtu mnayemwamini nje ya soko. Ni kazi ya dakika tano na bando kidogo.

Nimeletewa swali kwa maandishi nalo litakuwa la mwisho: deni la mwaka mzima, mdaiwa kahama, simu haipatikani, tufanyeje? Wengi hulifuta kwa hasira au huliacha kwenye orodha kwa matumaini, na njia zote mbili zinadanganya. Likiachwa, mali zenu zinaonekana kubwa kuliko zilivyo. Likichanwa, mapato ya mwaka jana yanabaki na kazi ambayo haikulipwa. Liandikeni mwezi huu upande wa gharama, kama deni lililokufa, kwa jina na kiasi kamili, kisha mlitoe kwenye wadaiwa. Gharama hiyo itapunguza faida ya mwezi huu na itauma. Jina lake libaki kwenye ukurasa wa nyuma. Siku akitokea stendi na kulipa, mpeni risiti na mwandike fedha hiyo upande wa mapato, kwa tarehe ya siku hiyo.